Naomba ushauri: China na Ufilipino, nijengeje hoja?

mwanachuo_siasa: Wakuu, habari zenu. Swali la insha ni kwa nini taifa kubwa humbana jirani mdogo. Nimechagua China na Ufilipino. Rasimu yangu inasema China inafuata mafuta na gesi, basi. Naona haitoshi. Nianzie wapi?

Nahodha: Anza na ramani, mkuu. Manowari za China zikitoka bandarini zinakuta Japani, Taiwan na Ufilipino zimejipanga mbele kama uzio. Baadhi ya nyambizi zake ziko Hainan, kisiwa chake cha kusini, na mafuta mengi inayoagiza hupitia Mlango wa Malaka, njia nyembamba ya bahari kati ya Malaysia na Indonesia. Anayeshika miamba ya katikati, kwenye Bahari ya China Kusini, anaona kila anayepita. Gesi itaje, ila isibebe insha nzima.

Bi Tarehe: Naongezea. Ramani ni ile ile miaka yote, kwa hiyo haielezi kwa nini wakati ule na si mwingine. Hapo ndipo insha nyingi huanguka. Marekani ilitoa majeshi Vietnam 1973. Januari 1974 China ikatwaa visiwa vya Paracel vilivyokuwa mikononi mwa Vietnam Kusini. Marekani ikafunga kambi yake ya Subic Bay, Ufilipino, 1992. Mwanzoni mwa 1995 vikaonekana vibanda vya Wachina juu ya nguzo kwenye mwamba wa Mischief, ndani ya maili 200 za baharini ambamo Ufilipino ina haki ya uvuvi na gesi. Mkubwa husogea mlinzi wa mdogo anapoondoka. Hiyo ndiyo iwe hoja yako kuu.

mwanachuo_siasa: Shukrani sana. Na hukumu ya 2016?

Nahodha: Iweke kwenye mbinu. Tarehe 12 Julai 2016 jopo la usuluhishi la The Hague lilisema haki za kihistoria ndani ya mstari wa vipande tisa, ule ambao China huuchora kwenye ramani kudai karibu bahari hiyo yote, hazina msingi katika mkataba wa sheria ya bahari wa 1982. China iliikataa, na hakuna wa kuilazimisha. Halafu onyesha inavyobana bila risasi: walinzi wa pwani, boti za uvuvi, mizinga ya maji. Mwaka 2012, wakati wa mvutano wa China na Ufilipino kwenye mwamba wa Scarborough, hata ndizi za Ufilipino zilikwamishwa bandarini kwa ukaguzi. Kila hatua ni ndogo makusudi, isije ikaamsha mkataba wa ulinzi wa 1951 kati ya Marekani na Ufilipino.

Bi Tarehe: Na hoja pinzani usiiache. China hiyo hiyo ilisaini na Vietnam mkataba wa mpaka wa nchi kavu 1999. Kwa nini ilipatana mlimani ikagoma baharini? Lipe aya nzima.