Faini ya lori lisilofunikwa turubai: kwa nini alipe dereva peke yake?

Wakuu tujadili hili bila jazba. Sheria ndogo za halmashauri nyingi zinataka lori la mchanga, kokoto au kifusi lifunikwe turubai, ukikutwa wazi faini. Sheria naiunga mkono, aliyewahi kuendesha pikipiki nyuma ya tipa la mchanga hahitaji kuelezwa. Ninachopinga ni kumbana dereva tu. Kijiko kinamwaga mpaka mchanga unakuwa kichuguu juu ya bodi, mwenye machimbo kashachukua hela yake, mwenye gari anataka tripu nyingi na turubai lilishachanika hanunui jingine, halafu barabarani anayesimamishwa ni dereva. Mi nasema faini ianzie getini kwenye machimbo, gari halijafunikwa halitoki, likitoka walipe aliyepakia na mwenye gari.

— Hapo unatetea uzembe mkuu. Usukani kashika nani? Akijua faini ni yake atagoma kuondoka.

— Akigoma kesho gari anapewa mwingine, hilo unalijua.

— Mnasahau utingo. Anapanda juu ya kokoto kulifunga hilo turubai, hana kamba wala nini, akiteleza ndo hivyo. Yapo maturubai ya kuvuta kwa mpini ukiwa umesimama chini, mengine yana mota. Sheria iyatake hayo kwa magari mapya, sio kusema "funika" kisha basi.

— Mbona California mchanga na kokoto ukiacha inchi 6 chini ya ukingo wa bodi hulazimiki kufunika? Tuige hiyo, rahisi hata kukagua kwa macho.

— Inchi 6 zinasaidia mzigo usimwagike, ila mchanga mkavu na gari liko spidi upepo unauchota tu. Na mtu asiniambie atamwagia maji, yanakauka njiani, halafu lita 500 ni nusu tani umeongeza kwenye mzigo ambao mara nyingi tayari umezidi.

— Kwa jinsi ninavyoona mnapigania turubai wakati vumbi kubwa linatoka kwenye matairi! Lori linatoka saiti na tope, tope linadondoka kwenye lami linakauka, kila gari likipita linalisaga na kulirusha upya, siku nzima, hata lori lenyewe likiwa limeshafika. Ongeza mlango wa nyuma usiofunga vizuri unaovuja njia nzima, na malori yanayorudi matupu na mabaki ndani, hayo hakuna anayeyafunika. Matairi yaoshwe kabla ya kuingia lami.

— Sawa, ila vumbi la mawe lisichukuliwe kama uchafu wa nguo tu. Lina silika, yaani madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe mengi, na zile chembe ndogo usizoziona ndo zinafika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1997. Na wanaolivuta zaidi ni hao wanaopakia.

— Ndo maana nang'ang'ania geti. Turubai, mlango wa nyuma, matairi, vyote vinaonekana pale gari likiwa limesimama. Machimbo mengi yana mtu wa kukata risiti ya ushuru, huyo huyo akiona mzigo uko wazi asikate risiti.

— Na yeye akipewa kitu kidogo?

— Basi kwenye risiti aandike jina lake, lori likikamatwa wazi aanze kuulizwa yeye.