Mpangaji wangu Tunduma simwelewi, nitoe taarifa au nimfukuze?

Wakuu, naombeni ushauri. Nina nyumba maeneo ya Mpemba, mwenyewe naishi Mbeya. Mpangaji alilipa kodi ya mwaka keshi, hata punguzo hakuomba. Juzi nimepita kukagua tanki la maji: madirisha yamezibwa na mablanketi, jikoni kuna sufuria la shughuli, uani yeboyebo za kiume zimerundikana, na mkataba unasema mtu na mkewe. Chumba cha nyuma wananong'ona, si Kiswahili wala Kinyamwanga. Jirani anasema fuso huja usiku wa manane. Nahisi ni Wahabeshi wanavushwa kwenda Sauzi. Naogopa kuunganishwa kwenye kesi, na naogopa jamaa kutonywa kabla sijafika kwangu. Nimfukuze yaishe?

Kula_Kodi: Mwaka mzima umeshalipwa, unatafuta nini? Boda kila mtu na ugali wake.

Semi_Tela: Wewe hapo juu acha utani. Machi 2020 kule Tete, Msumbiji, kontena lilifunguliwa likiwa na maiti 64 za Waethiopia. Walikosa hewa. Juni 2012 hapa hapa kwetu, Kongwa, zaidi ya 40 walikufa kwenye lori wakatupwa porini. Nao huenda walipitia nyumba kama hiyo.

Wakili_Kijiweni: Mkuu, usimfukuze. Atahamia mtaa wa pili na watu wake, wewe utabaki huna hata karatasi ya kuonyesha ulisema. Kuwahifadhi ni kosa, na wasafirishaji wanakula faini ya milioni 20 au jela miaka 20. Kama mtaani humwamini mtu, nenda Uhamiaji mkoa, Vwawa, uombe kuonana na mkubwa wao faragha. Beba mkataba na nakala ya kitambulisho chake. Kuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, itaje. Jirani yako usimtaje mpaka akubali mwenyewe.

Mleta mada: Na hao waliomo ndani? Roho inaniuma, wataozea mahabusu.

Mama_Nakonde: Hapo ndipo tunapochemka. Wanakamatwa wao, dalali yuko ng'ambo anachoma nyama. Lakini Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Binadamu ya 2008 inamtambua aliyerubuniwa au kulazimishwa kuwa mhanga. Kwa hiyo usiishie kusema "nina wahamiaji haramu". Eleza ulichoona: mlango ulifungwa kwa ndani au kwa nje? Nani anashika simu zao? Na namba za fuso ni muhimu kuliko unavyodhani. Tangu 2019 Tunduma na Nakonde, upande wa Zambia, ni kituo kimoja cha pamoja, maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja. Gari likiwa la Zambia, wa huku wanamwuliza mwenzao meza ya pili.

Mleta mada: Kufuli lilikuwa nje. Asubuhi naingia Vwawa.

Wakili_Kijiweni: Sawa. Usimpigie mpangaji, na picha usizirushe kwenye magrupu.