Tupeane uzoefu: vepu, tochi na pawabenki zinapogoma kuchaji

Mkazi wa Nkuhungu
Ndugu wadau, naona ni vyema tulizungumze jambo hili kwa uwazi. Jana jioni nilikuwa kwenye kibanda cha fundi simu nikisubiri kioo cha simu yangu, akaja kijana na sigara ya kielektroniki, hizi ambazo wengi huziita vepu, akaeleza kwamba imegoma kabisa kuchaji. Fundi aliichomeka kwenye chaja yake mpya yenye waya wa Taipu-C pande zote mbili, taa haikuwaka, naye akatamka papo hapo kwamba betri imekufa na kijana anunue kifaa kingine. Mama anayeuza vocha pembeni alitoa waya wake wa zamani, ule wenye kichwa kipana upande wa chaja, na taa nyekundu ikawaka mara moja, ilhali kijana alikwisha kutoa pesa mfukoni. Tangu hapo ninajiuliza ni vifaa vingapi vizima vinavyotupwa katika mji huu wa Dodoma kwa hukumu ya namna hiyo. Mwenye kisa chake cha betri na chaji akieleze, na mafundi mtufafanulie.

Fundi wa Sabasaba
Ulichokiona kina sababu yake, wala si muujiza wa waya. Tundu la Taipu-C lililotengenezwa kwa kufuata kanuni linapaswa kuwa na resista mbili, yaani vipande vidogo vya kuzuia umeme, za kilo-omu 5.1, moja kwa kila pini ya utambuzi, na chaja yenye tundu la Taipu-C haitoi umeme mpaka itambue resista hizo upande wa pili. Viwanda vinavyobana gharama huziacha. Chaja yenye tundu pana hutoa volti 5 muda wote, kuwe na resista kusiwe na resista, ndiyo maana waya wa zamani ulifanikiwa. Kabla ya kumwambia mteja kwamba betri imekufa, fundi anapaswa kubadilisha waya, kubadilisha chaja, kumulika tundu kwa tochi na kulisafisha, kisha ndipo aguse bisibisi.

Binti Kondoa
Tochi ya baba ilikuwa hivyo hivyo, na tulikaribia kuitupa.

Muuza Vifaa wa Makole
Mimi nitaeleza yale ninayoyaona dukani, hasa kuanzia Juni mpaka Oktoba, upepo unapovuma na vumbi jekundu kuingia hata ndani ya droo iliyofungwa. Vepu za umbo la kalamu zina betri yenye skrubu juu, na katikati ya skrubu hiyo kuna pini ndogo ya shaba ambayo ndiyo upande chanya. Mtu akikaza tangi, yaani sehemu ya juu inayobeba maji ya kuvuta, kwa nguvu nyingi, ile pini inasukumwa chini, na baada ya hapo wala tangi wala chaja ya skrubu haiigusi tena. Dalili yake ni kwamba ukibonyeza kitufe taa inamulika mara kadhaa na mvuke hautoki, au chaja inabaki kijani kana kwamba hakuna kitu kilichounganishwa. Tiba yake ni kuzima kifaa kwanza, kisha kuinua pini kidogo sana kwa kijiti cha meno cha mbao, kwa sababu sindano ya chuma inaweza kugusa pini na ukuta wa skrubu kwa wakati mmoja ikaleta shoti. Baada ya hapo futa skrubu kwa pamba yenye spiriti kidogo, uache ikauke kabisa. Vifaa vingi vinavyoletwa kwangu vikidaiwa kuwa na betri mbovu hupona hapo.

Vinavyosalia huwa na tatizo la koili, ule waya unaopata moto na kutoa mvuke. Koili iliyolegea hubadilisha usomaji wa omu kila unapoitikisa, na kifaa chenye kinga hukataa kuwaka. Hapo ndipo multimita inapokuwa na thamani kuliko maneno ya mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Mzee wa Mpwapwa
Wanangu, nimesoma kwa utulivu, lakini naomba niulize bila kumwonea mtu haya: kwa nini tunawafundisha vijana kutengeneza vitu vya kuvutia nikotini? Nikotini inamfunga mtu, iwe imetoka kwenye tumbaku iliyokaushwa au kwenye maji yenye harufu ya embe. Kifaa kikigoma, kiache kigome.

Fundi wa Sabasaba
Shikamoo mzee wangu. Kuhusu nikotini nakubaliana nawe kabisa, na mtoto hapaswi kugusa kifaa hicho hata kikiwa kizima. Lakini seli, yaani betri yenyewe, iliyomo ndani ya vepu nyingi kubwa ni ile ile yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65 inayokaa kwenye tochi ya mlinzi, kwenye redio ya shambani na kwenye pawabenki. Ikiunganishwa vibaya inaunguza nyumba ya asiyevuta pamoja na ya anayevuta. Tukinyamaza, watu wataendelea kujaribu gizani.

Mzee wa Mpwapwa
Marahaba. Endeleeni, ila hilo la nikotini lisisahaulike.

Abiria wa Manyoni
Maneno ya fundi kuhusu seli hiyo yamenirudisha kwenye jambo ambalo sikuwahi kuliandika popote. Tulikuwa kwenye basi kutoka Singida kuja Dodoma, tumekwisha kuipita Manyoni na bado hatujafika Bahi, joto la mchana likiwa limewalaza watu wengi. Kiti cha upande wa pili alikaa bwana mmoja mwenye koti jepesi, na mfukoni mwa koti hilo, kama tulivyokuja kuelewa baadaye, alikuwa na seli ya akiba ya vepu yake, ambayo ganda lake la plastiki lilikuwa limechanika, ikichanganyika na sarafu alizorudishiwa chenji ya maji.

Kwanza tulisikia mlio mwembamba wa kuzomea, nikadhani ni tairi. Kisha moshi mweupe, mzito, wenye harufu tamu inayokwaruza koo, ukatoka kwenye koti lake, na kabla hajamaliza kusimama kulikuwa na mwali wa moto unaotoka pembeni kwa nguvu, ukielekea kwenye paja lake. Alipiga kelele ambayo bado naisikia. Mama mwenye mtoto alikuwa kati yake na mlango. Dereva, Mungu ambariki, hakuuliza kitu. Alisimamisha basi pembeni, akafungua mlango, na kijana wa nyuma akalivuta lile koti kwa mkono uliofungwa shuka la kimasai akalitupa nje kwenye changarawe, ambako liliendelea kufoka na kuwaka. Konda alimwaga dumu zima la maji juu yake.

Abiria wawili walitaka kumpaka yule bwana dawa ya meno, na dada mmoja aliyejitambulisha kuwa muuguzi akawakatalia kwa sauti kali, akaagiza maji safi ya kunywa yaletwe kutoka kila kiti, akayamimina polepole juu ya jeraha kwa muda mrefu, bila barafu wala mafuta. Nguo iliyoshikamana na ngozi hakuibandua. Tulimfikisha hospitali akiwa anaongea. Tangu siku ile, nikiona mtu ametia seli mfukoni pamoja na funguo, namwambia hata kama simfahamu, na sijali akinuna.

Binti Kondoa
Nimesoma nikiwa nimeshika kifua. Mungu amponye huyo bwana.

Kijana wa Area C
Pole sana, Abiria. Ila kumwaga maji kwenye moto wa betri si hatari zaidi? Sisi tuliambiwa lithiamu haichanganyiki na maji, tutumie mchanga.

Mwalimu wa Fizikia
Hilo linachanganywa mara nyingi. Lithiamu tupu ya maabara huitikia vikali ikiguswa na maji. Seli hizi za kuchaji hubeba ioni za lithiamu ndani ya misombo, na kinachoendesha moto wake ni joto linalozalisha joto zaidi ndani ya seli yenyewe. Maji mengi huondoa joto hilo. Mchanga unazuia cheche zisiruke, lakini haupoozi, na seli inaweza kuwaka upya chini yake.

Kijana wa Area C
Na kama bado imechomekwa ukutani kwenye volti 230?

Mwalimu wa Fizikia
Basi zima umeme kwanza, na usipoweza kuifikia swichi kwa usalama, toka nje na upige 114 kwa Zimamoto. Moshi wake una gesi zenye sumu, ikiwemo ile ya floridi ya hidrojeni, kwa hiyo mtu asibaki ndani kuokoa pawabenki.

Fundi wa Sabasaba
Naomba niongeze sababu ya ganda kuwa muhimu kiasi hicho, maana wengi hulichukulia kuwa ni pambo. Mwili wote wa chuma wa seli hiyo ni upande hasi, kuanzia chini, ubavuni, hadi kwenye ukingo unaozunguka kichwa chanya. Kinachotenganisha chanya na hasi pale juu ni nafasi finyu na karatasi nyembamba ya duara. Ganda likichanika hapo, sarafu moja inatosha. Maganda mapya yapo, yanavutwa kwa joto la kikausha nywele, na kisanduku cha plastiki cha kubebea seli hakina bei ya kumshinda mtu anayemudu kununua seli.

Mkulima wa Bahi
Mimi sivuti, lakini nina tochi na redio kwa ajili ya kulinda mpunga usiku, na kwetu umeme wa kuchajia ni jua. Jirani yangu aliunganisha redio moja kwa moja na paneli, akidai kwamba imeandikwa volti 12 na redio ni ngumu. Ilichaji asubuhi, na mchana ikanuka.

Mwalimu wa Fizikia
Paneli inayoitwa ya volti 12 hufikisha volti 20 hivi ikiwa juani bila mzigo. Saketi ndogo za kuchajia zilizojaa mitaani, zile zenye chipu ya TP4056, zimetengenezwa kwa volti 5 na mwisho wake ni volti 8. Weka kipunguza volti kinachotoa volti 5 katikati, na uhakikishe kwa mita kabla ya kuunganisha redio.

Mkulima wa Bahi
Nimeelewa, mwalimu. Nitamfikishia.

Mhitimu wa Umeme
Tukiwa kwenye TP4056, seli iliyoshuka chini ya volti 2 msiitupe. Iguseni na seli nzima, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa sekunde chache, itaamka na chaja itaikubali. Nimelifanya na linafanya kazi.

Fundi wa Sabasaba
Kwa hili, kaka, nakupinga waziwazi. Kwamba imeamka hakumaanishi kwamba imepona. Seli iliyokaa muda mrefu ikiwa imekauka huanza kuyeyusha shaba ya ndani, na ukiichaji tena shaba hiyo hujijenga mahali isipotakiwa na inaweza kuleta shoti ndani, pasipo mkono wako wala mita yako kufika. Seli nzima iliyojaa husoma volti 4.2. Ikifika 3 inatakiwa kupumzishwa. Ikikaa chini ya 2, mimi huifunga gundi ya umeme kwenye ncha zote mbili na kuiweka kando isirudi kwa mteja.

Mhitimu wa Umeme
Basi useme kwamba unakataa kwa tahadhari, si kwamba haiwezekani.

Fundi wa Sabasaba
Nakataa kwa sababu mteja ataiweka karibu na mto wake. Na chunguza kwa nini ilishuka kiasi hicho. Mara nyingi nakuta mtu amelehemu waya za taa kwenye B+ na B−, ncha za betri kwenye bodi ya kuchajia, badala ya OUT+ na OUT−, ncha za kutolea umeme, na hivyo ameiruka ile kinga inayokata umeme seli inapokaribia kuisha. Wengine hufunga seli mbili mfululizo, zikawa volti 8.4, kisha wanategemea bodi ya seli moja izichaji. Wengine wanaziunganisha sambamba, moja ikiwa imejaa na nyingine tupu, na iliyojaa inajimwaga kwenye tupu kwa mkondo ambao hakuna aliyeupima.

Muuza Vifaa wa Makole
Na kwa wanaojitengenezea koili, wafanye hesabu kabla: volti 4.2 gawa kwa omu 0.5 ni ampea 8.4, lakini gawa kwa omu 0.15 ni ampea 28. Seli iliyobanduliwa kwenye kompyuta mpakato ya zamani haikutengenezwa kwa mzigo huo.

Kijana wa Area C
Kuna anayesema betri iliyochoka iwekwe kwenye friji usiku kucha.

Mwalimu wa Fizikia
Itatoka na unyevu kwenye ncha zake, na chaji haitaongezeka. Usichaji seli iliyotoka kwenye baridi kali, wala iliyoachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani saa nane mchana.

Mkazi wa Nkuhungu
Kuna mdogo wangu anapanda ndege kwenda Dar es Salaam wiki hii, ana pawabenki na vepu. Aviweke wapi?

Muuza Vifaa wa Makole
Vyote viwili akae navyo kwenye begi dogo la ndani, asivitie kwenye mzigo unaokabidhiwa. Vepu izimwe, na asiichaji ndani ya ndege. Pawabenki iwe haizidi saa-wati 100. Kama imeandikwa miliampea-saa peke yake, azidishe kwa 3.7 kisha agawe kwa 1000, kwa hiyo ya 20000 ni saa-wati 74 na inapita. Maandishi yakiwa yamefutika wanaweza kuizuia kwenye ukaguzi, basi aangalie kabla hajatoka nyumbani.