Baa zishushe sauti, au zishushe besi?

Fundi redio, Sinza: Mtaani kwetu watu wanataka baa ya jirani izime muziki saa nne usiku. Mimi nasema adui ni besi, ile sauti nzito, si muziki. Nikifunga madirisha, maneno ya wimbo siyasikii hata moja. Nasikia ndu, ndu, ndu, na glasi zinagongana kabatini. Sauti nyembamba inakomea kwenye tofali, besi inapita.

Amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, haikuzi sauti nzito na nyembamba sawa. Pale sauti inapoingilia kuna kapasita, kijidude kinachopitisha sauti nyembamba na kuzuia nzito. Ikiwa ya ukubwa wa mikrofaradi 1, ikifuatwa na rizista (kizuia umeme) ya kiloomu 10, mpaka wake ni kama hezi 16, yaani mitetemo 16 kwa sekunde. Hapo nguvu imebaki nusu, na ukishuka zaidi inazidi kupungua. Weka kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.1, mpaka unapanda hadi hezi 159. Besi ya hezi 50 inabaki na kama moja ya kumi ya nguvu yake, mwimbaji haguswi sana. Kapasita yenyewe ni bei ya chai na chapati. Kwa nini isiwe sharti la leseni?

Mwenye baa: Fundi, wewe singeli huchezi. Mteja akikuta spika zinalia kama simu anavuka barabara. Halafu mimi nimeshapimwa, nikafaulu.

Fundi redio: Ulipimwa kwa desibeli A, kipimo cha ukubwa wa sauti kisichohesabu besi sana. Kipimo hicho hapo hezi 50 kinapunguza desibeli 30, kwa hiyo besi ya 80 inasomeka 50. Umefaulu, mimi sijalala.

Dijei wa mtaa: Na hiyo kapasita yako naipiga chenga. Nasokota kitufe cha besi kwenye mikseri, meza yangu ya kuchanganyia sauti, inapanda tena, basi.

Mama mpangaji: Mnabishana hezi, mwanangu ana miezi mitatu. Saa nne zimeni.

Fundi redio: Dijei, hapo umenishika. Desibeli kama 10 tu za mikseri zinairudisha besi palepale. Basi sharti la kapasita naliondoa. Ila kipimo sikiachii: kiwe cha desibeli C, ambacho hapo hezi 50 kinapunguza desibeli moja na kidogo tu, na kisomwe chumbani kwa jirani, si getini kwa baa. Mama, saa nne yako siipingi, lakini hata saa mbili kabati langu linatetemeka. Mwenye mashine ya kupimia desibeli C aje nayo Jumamosi, glasi nitaziacha zilivyo.