Naomba ushauri: manga za BL na mapenzi ya kulazimishana

Habarini wapendwa, naombeni mawazo yenu.

Mdogo wangu wa kiume, miaka 22, alinieleza mwaka jana kuwa anapenda wanaume. Mimi sina neno naye, ni damu yangu. Kinachoninyima usingizi ni manga (katuni za Kijapani) za BL anazosoma, yaani "Boys' Love", hadithi za mapenzi kati ya wanaume. Juzi alinionyesha moja: "seme" (kwa Kijapani, mwanaume anayeongoza mapenzi) kamkaba "uke" (mwenzake anayepokea) ukutani, huyo mwenzake analia "acha", ukurasa unaofuata tayari ni wapenzi. Akaniambia, "Dada, wivu ndio mapenzi." Niliumia.

Najua nyingi huandikwa na wanawake kwa wasomaji wa kike, na huko Japani Masaki Satō, mwanaharakati shoga, alishazilalamikia mwaka 1992 kuwa zinawapotosha watu kuhusu wanaume kama yeye.

Nilimpa My Brother's Husband ya Gengoroh Tagame. Aliipenda, ila mle mmoja wa wanandoa hao wawili wa kiume ameshafariki, na yeye anataka kuona wawili wakipendana.

Je, kuna manga gani ya wanaume watu wazima wanaoulizana na kuridhiana? Na nimwelezeje ubaya wa kulazimishana bila yeye kuhisi namkataa?