Kuvumwani ya rangi ya fedha katikati ya vigae vya saruji

Mwulizaji: Habari zenu. Katika nyufa za vigae vya saruji uani kumeota vibonge vya mmea laini kama mahameli, vyenye rangi ya kijani vinapoloa, lakini vikikauka hugeuka vyeupe kama vilivyopakwa majivu. Nilidhani ni ukungu, nikavikwangua kwa kisu, navyo vikarudi. Nimezoea kusikia kwamba kuvumwani hupenda kivuli, ilhali hii imeota palepale penye jua kali, na chini ya miti, hatua chache tu kutoka hapo, haipo. Je, ni kuvumwani kweli?

Jibu la kwanza: Ndugu, kwa maelezo yako hiyo yaelekea kuwa Bryum argenteum, na neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake "ya rangi ya fedha". Ni miongoni mwa kuvumwani zilizoenea zaidi duniani, kwani huota katika mabara yote, hata Antaktika. Weupe unaouona si ugonjwa: seli za sehemu ya juu ya kila jani hazina klorofili, na jani likikauka sehemu hiyo huakisi mwanga, hivyo mmea hujikinga na jua kwa mwavuli wake wenyewe. Chukua kishina kimoja ukitazame kwa lenzi. Utaona vijani vimebanana na kupandiana kama magamba ya samaki.

Jibu la pili: Naongezea kuhusu mahali inapoota, maana hapo ndipo wengi hupotoka. Haikwepi kivuli kwa sababu ya kukichukia. Chini ya miti hufunikwa na majani yanayoanguka na kushindwa na mimea mirefu, ilhali yenyewe mara nyingi haizidi sentimita moja. Katika ufa wa saruji hakuna wa kushindana naye. Haina mizizi ya kweli, bali nyuzi nyembamba za kujishikizia, na maji huyanywa kwa majani. Kwa hiyo vumbi kidogo linaitosha, hasa lenye nitrojeni nyingi, kama pale ndege wanapotua.

Jibu la tatu: Mimi ningesema ni Funaria hygrometrica, ambayo nayo hupenda mahali pa wazi.

Jibu la pili: La, mwenzangu. Hiyo hupendelea udongo uliofukuliwa au majivu ya moto uliozimika, nayo haina weupe huo. Vikonyo vyake virefu vya spora hujisokota na kujisokotoa kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika.

Mwulizaji: Nimetazama kwa lenzi, magamba yapo, na ncha zake zinapitisha mwanga kama kioo. Sasa mbona kukwangua hakukusaidia?

Jibu la kwanza: Kwa sababu ulikuwa unapanda. Kipande cha kishina kikivunjika huweza kuota upya, na hata soli ya kiatu hukisafirisha hadi ufa wa jirani. Ukitaka kuiondoa, ing'oe ikiwa imeloa, pamoja na vumbi lililo chini yake. Binafsi ningeiacha, kwani haichimbi saruji.