Mrejesho: Mama kamaliza dripu ya 18

Assalaam alaykum. Mimi ndiye niliyeuliza mwanzo wa mwaka jana kama Herceptin, dawa ya saratani ya kutiwa kwa dripu, ina faida kweli, mama yangu wa Wete alipokutwa na saratani ya titi ya HER2 (ile ambayo seli zake zina protini ya HER2 kupita kiasi, ndiyo inayolengwa na dawa hii). Basi juzi kamaliza dripu ya 18. Kila wiki tatu boti hadi Dar, ndimu mkononi akiinusa kupita Nungwi (bahari ilimtapisha kuliko dawa!). Moyo ulipimwa mara kwa mara, maana dawa hii huweza kuudhoofisha; uko sawa. Uvimbe hauonekani, alhamdulillahi.

Nikamsimulia habari za Dk. Dennis Slamon, mtafiti wa saratani wa Los Angeles, aliyehangaika miaka mingi hadi dawa ikaruhusiwa Marekani mwaka 1998. Akauliza, "Angekuwa karibu, mwanangu, si ningempa pishi ya karafuu?"

Ahsanteni mliotusihi tusikatize.